Kishimo cha Shambani

Udongo mbichi uliotifuliwa ukininukia, namwona mdogo wangu ndani ya kishimo. Kwetu Shume shamba lote ni mteremko, na mtoto asiyejua kukaa hubingirika kama kabichi. Kwa hiyo bibi alimchimbia kishimo cha kumfika kiunoni, akatandika khanga ndani, akamkalisha.

Mimi nikamwonea huruma. Bibi alipoinamia viazi nikamtoa, nikamweka kwenye nyasi, mikono tayari kumdaka. Akayumba, akayumba, kisha akatulia.

“Bibi, njoo uone! Amekaa mwenyewe!”

Bibi akaja mbio, akamtazama, akanigeukia. “Sasa hiyo mikono ya nini? Ishushe.”

Leo asubuhi mdogo wangu, na ndevu zake zote, alipanda basi la kushuka Mombo. Nilisimama nyuma yake, mikono tayari.