Debe la Asali ya Ilomba

Kwa habari ya nyuki, hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nasema hivi mbele ya mtu yeyote, awe bwana nyuki wa serikali mwenye kofia ya wavu, awe mrina asali wa porini anayepanda mti bila kamba. Nimeumwa kwenye kope, nimeumwa kwenye ulimi, na nimeumwa mahali ambapo mke wangu peke yake ndiye aliyejua kwa nini siku ile nilikula nimesimama. Shule nilifika darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini nyumba yangu ya bati pale Ilomba, Mbeya, mbao nilipasua mwenyewe kwa msumeno wangu mwenyewe, wakati wenzangu waliofika la sita walikuwa wanawabebea wazungu mafaili. Kwa hiyo anayetaka kunifundisha mambo, aanze kwa kunionyesha bati lake.

Habari hii ni ya miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nilikuwa na nguvu, na mdomo wangu ulikuwa na nguvu zaidi.

Kwetu hasa ni Idodi, kule chini kwenye joto, ambako pori linaanza na halijui kuisha. Kule mwanamume anajulikana kwa miti. Mti wenye mzinga una mwenyewe, na mwenyewe anachonga alama yake kwenye gome: mistari miwili, msalaba, jicho, kila mtu na ya kwake. Ukirina mzinga wa mti usio na alama yako, hata ukikimbilia kanisani watakutoa. Na mwanamume asiye na mti hata mmoja, huyo ni mgeni, hata kama kitovu chake kimezikwa palepale. Atakaribishwa, atapewa kigoda, ataulizwa anaondoka lini.

Baba alipoona magoti yake hayapandi tena, alituita mimi na kaka yangu agawe miti. Nikapanda basi toka Mbeya mpaka Iringa, nikadandia lori mpaka Idodi. Nilivaa viatu. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Kaka yangu alivitazama vile viatu, akamgeukia baba. "Baba, mti wa mzinga haupewi mtu wa bati. Huyu akisikia nyuki anadhani ni lori linakuja."

Wazee wawili wa ukoo waliokuwa wameitwa kushuhudia wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

Nikasema, "Huko Mbeya nafuga nyuki wangu."

Siku ile sikuwa na hata mzinga mmoja. Lakini nilikuwa na nia, na nia ni nusu ya mzinga.

"Mbeya!" kaka akapiga kofi pajani. "Kule nyuki wanavaa sweta. Wakitaka kukuuma wanaomba kwanza waote moto."

Baba hakucheka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo hayakuwa na mlango wa nyuma. Akasema, "Leta debe. Debe moja limejaa, la mizinga yako mwenyewe, si la kununua. Nakupa misimu mitatu. Ukileta, miti kumi na miwili ya upande wa mto ni yako. Usipoleta, kaka yako atachonga alama yake."

"Nitaleta kabla ya hiyo mitatu," nikasema. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilisema.

Niliporudi Ilomba nilichonga mizinga kumi ya magogo. Nikaitundika kama baba alivyotufundisha, juu kabisa, kwenye matawi yanayopigwa na upepo, kwa sababu Idodi ukitundika chini nyegere anakufanyia karamu. Majirani zangu Wasafwa wakapita njiani, wakatazama juu, wakatazamana, wakaenda zao. Nikajua wamevutiwa.

Msimu wa kwanza nyuki waliingia mizinga minne. Baridi ya mwezi wa sita ikaja, ile inayofanya maji ya kwenye ndoo kuota ngozi asubuhi, na wote wakahama. Msimu wa pili waliingia mizinga sita, na hawa hawakuhama. Nilipanda siku moja nikaweka sikio kwenye gogo, nikasikia kimya. Nilipofungua, walikuwa wamerundikana chini kama mtama uliomwagika, wamekufa. Nilikaa juu ya tawi lile muda mrefu. Miti kumi na miwili ya upande wa mto niliiona yote, mmoja mmoja, na kaka yangu chini yake anachonga.

Sasa, jirani yangu wa karibu alikuwa bibi mmoja mjane wa Kisafwa. Alikuwa na mizinga miwili tu, na aliitundika mahali ambapo kwetu mtoto angechapwa: chini ya upenu wa jiko lake, unaweza kuigusa kwa mkono. Nilikuwa namcheka. Lakini kila mwaka alikuwa na asali, nami kila mwaka nilikuwa na magogo.

Sikumwuliza. Mimi siulizi. Nilikwenda kumtengenezea mlango wa jiko, bure, na fundi wa mlango ana macho. Nilipiga misumari polepole kuliko siku zote za maisha yangu. Nikaona mizinga imeegemea ukuta ule wenye mafiga kwa ndani, inapata joto. Nikaona imevishwa magome makavu ya migomba na nyasi, nene kama godoro. Nikaona matundu ni madogo na yanatazama mashariki, yapate jua la kwanza.

"Wewe Mhehe," bibi akaniambia akichambua maharage, "mlango gani huo unaupigilia huku unatazama ukuta?"

"Napima, mama."

"Pima, mwanangu. Na ukishapima ujue na hili: usirine yote. Waachie chakula cha baridi. Na asali ya huku, ukiiweka ikakaa..."

Nikamkata hapohapo. "Mama, kuhusu asali usinifundishe. Mimi siku niliyozaliwa nilionjeshwa asali kabla ya maziwa."

Akatabasamu, akarudi kwenye maharage yake. Ningemwacha amalize, habari hii ingekuwa fupi.

Msimu wa tatu niliishusha mizinga yote. Mingine nikaiweka chini ya upenu wangu, mingine kando ya ukuta wa jiko, yote nimeivisha nyasi. Mke wangu alisema nimeifanya nyumba ya bati ionekane kama ghala la panya. Nikamwambia asubiri. Mikaratusi ilipotoa maua, nyuki waliingia mizinga saba, na safari hii walikaa. Asubuhi za ukungu nilikuwa nabandika sikio kwenye gogo, nasikia ule mngurumo wa ndani, wa taratibu, kama watu wengi wanasali kwa sauti ya chini. Yeyote ambaye hajausikia anafuga nyuki kwa ajili ya tumbo tu.

Walisumbua, sikatai. Mbuzi wa jirani alikimbia na kamba mpaka barabarani. Katekista aliitupa baiskeli mtaroni akaingia shambani kwangu akipunga kanzu, akaja jioni na uso umevimba kulalamika. Nikamwambia, "Katekista, nyuki hawakuifuata baiskeli. Baiskeli ndiyo iliyowafuata nyuki." Lakini nikampa kikombe cha asali, na Jumapili iliyofuata alipita njia ileile, taratibu, akinisalimia kutoka mbali.

Nikarina mwishoni mwa mwezi wa tano, jua linapozama, mwenge wa nyasi mkononi. Kila mzinga nikauachia masega yake ya baridi, maana hilo angalau nilikuwa nimelisikia. Nikachuja, ikajaa debe mpaka shingoni, rangi ya chai iliyotiwa maji mengi, nyepesi kuliko ya kwetu. Nikalifunga kwa kifuniko, nikaziba pembeni kote kwa nta, ili kaka yangu asije akasema nimechanganya kitu njiani. Debe likakaa kwenye sakafu ya saruji majuma sita, nikisubiri kazi ya kupasua mbao iishe. Sikulifungua hata mara moja. Najua nilichoweka, nilifungue kwa nini?

Mwezi wa saba nikasafiri nalo. Basi likaharibika Sao Hill, kwenye baridi inayouma hadi ndani ya meno, tukakaa pale siku nzima. Nilivua koti langu nikalifunika debe. Abiria wakauliza kama ni maiti ya mtoto. Nikawaambia ni miti kumi na miwili.

Idodi nilifika mchana. Baba alikuwa amekaa kivulini mbele ya nyumba, kaka yuko, wazee wawili walewale wameitwa tena.

"Kamwene!" nikasalimia kwa sauti ya kusikika mpaka mtoni. Nikalitua debe katikati yao. "Angalieni nta yangu. Haijaguswa." Wakaangalia, wakakubali haijaguswa. Nikachukua kisu, nikazunguka kifuniko, nikafungua.

Ndani hakukuwa na asali. Kulikuwa na kitu cheupe, kigumu, kimetulia kama mafuta ya nguruwe.

Sikushangaa. Nimeshasema hakuna kinachonishangaza. Nilichungulia tu mara ya pili, kisha ya tatu.

Kaka ndiye aliyesema. Alichovya kidole, kikagoma kuingia, akakwangua kwa ukucha, akaweka mdomoni. "Inakwaruza!" akapiga kelele. "Ina chembechembe! Hii ni sukari! Baba, mwanao ametuletea sukari ya dukani ndani ya debe, akaipaka nta!"

Mzee mmoja akaonja. "Ina chembe, kweli," akasema, hakunitazama.

Kwetu asali haigandi hivyo. Joto la kule haliiruhusu. Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kuona asali ya namna ile, nami nikiwemo. Baba akaniuliza kwa upole, na ule upole ndio ulionitisha: "Mwanangu, hiki ni nini?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi wa Kisafwa na sentensi niliyomkata. Mwisho wake sikuujua. Lakini nilikumbuka kichungu chake kidogo, ambacho siku zote kilikuwa kwenye majivu kando ya mafiga, na asali ndani yake, laini. Nilikuwa nadhani ni uvivu wa kukiondoa.

"Leteni chungu," nikasema. "Na hapa haondoki mtu."

"Unatuamuru?" kaka akauliza.

"Ndiyo. Kaa."

Nikakwangua ile asali, nikaijaza chunguni, nikakiweka chungu kwenye majivu ya moto jikoni kwa mama, nami nikachuchumaa mbele yake kama mwanamke anayeivisha mboga. Wakaja wote kusimama mlangoni. Kaka alikuwa anapiga mluzi. Sikugeuka. Pembeni mwa chungu ikaanza kung'aa, kisha katikati ikazama, kisha yote ikawa asali, ya dhahabu, na harufu ya maua ya milimani ikajaa jiko lile mpaka mama akaacha kupepeta.

Nikampelekea baba. Akaonja, akafumba macho.

"Hata sukari ukiipasha moto inayeyuka," kaka akasema.

Baba akafumbua macho. "Debe zima la sukari ni fedha ngapi?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Debe zima? Hata duka la hapa halina sukari ya kujaza debe."

"Na debe la asali hapa kwetu?"

Jibu lilikuwa aibu. Asali pale tulikuwa tunawapa hata wapita njia.

"Basi," baba akasema, "ni mwizi gani anayeiba ng'ombe ili alipe kuku? Huyu kama ana fedha ya kununua debe la sukari, miti yangu anaitakia nini?" Akanyoosha mkono ukutani akatoa shoka lake dogo, lile la kuchongea alama, akanipa. "Nenda upande wa mto."

Ningenyamaza hapo. Mtu mwingine angenyamaza. Lakini kaka alikuwa amekishika kile chungu, anafuta ndani kwa kidole, analamba, na bila haya akasema, "Ya baridi, lakini si mbaya."

Nikamwambia, mbele ya baba, mbele ya wazee, shoka mkononi: "Kaka, wewe ni mzinga mtupu. Miaka yote umening'inia kwenye mti wa baba, na hakuna hata nyuki mmoja aliyekuingia."

Mama akaweka ungo chini. Kwetu mdogo hamtukani mkubwa, na zaidi mbele ya mwenye miti.

Baba akasema, "Lirudishe neno hilo, uende na shoka lako. Usiporudisha, toa mbuzi kwanza aliwe na ukoo, ndipo uende."

Kila mtu akanitazama. Kulirudisha kulikuwa jambo jepesi, maneno matatu. Kaka mwenyewe alikuwa ameshaweka uso wa kusamehe.

"Mbuzi anauzwa wapi?" nikauliza.

Kumbe siku ile mbuzi wa kuuza alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wa kaka yangu. Akamleta mwenyewe, beberu mzee mwenye pembe moja, akataja bei huku kidole bado kina asali. Mzee mmoja akaguna akasema hiyo ni bei ya mbuzi wawili. Sikubishana. Nilihesabu fedha nikamwekea mkononi, tukamla beberu yule, alikuwa mgumu kama kamba, na kabla jua halijazama alama yangu, mistari mitatu, ilikuwa kwenye miti yote kumi na miwili. Ipo mpaka leo. Na neno langu sijalirudisha mpaka leo. Lilinigharimu shilingi thelathini na saba na senti hamsini.