Siku Mama Alipokuwa Mjamaika

Juzi, katika saluni moja ya mtaa wa Umbilo, huku ugenini tunakoishi, televisheni ilionyesha wasichana wa Jamaika wakishinda mbio za kupokezana vijiti. Wateja walishangilia, mimi nikainamisha kichwa.

Nikiwa darasa la nne, watoto walinicheka kwa kuwa tulitoka Burundi. Nikawaambia sisi ni Wajamaika, na kwa vile nilikuwa na mbio, waliamini. Siku ya michezo mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, mikono yake ikinuka sabuni ya sakafu. Mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza, "Mama, kumbe nyinyi ni watu wa Jamaika?"

Mama alinitazama, nami nikatazama nyasi zilizokatwa asubuhi ile.

"Ndiyo," alijibu.

Nilifurahi. Nilidhani hakulielewa swali.

Juzi hiyo, nilipotoka saluni, nilipita kwake nikamwomba radhi. Aliendelea kukunja nguo.

"Nilielewa vizuri, mwanangu. Jumapili ile nilienda mbele ya pasta, nikatubu kwa kukana kwetu Burundi."

Jumapili ile naikumbuka. Nilikaa benchi la nyuma nimevaa medali yangu, nikamwona akilia kule mbele, nikadhani analizwa na utamu wa kwaya.