Moshi Mweupe wa Saint-Josse

Niliingia karakana ya Saint-Josse, huku ughaibuni kwenye baridi, mwezi wa Januari, na kiburi cha miaka kumi na minne ya ufundi Lubumbashi. Gari likiwashwa, kwanza nilienda nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi mweusi: petroli imezidi hewa, anza na chujio. Wa bluu: injini inakula oili, pengine ringi za pistoni zimechoka. Mweupe: maji yameingia ndani, joint de culasse, ile gasketi iliyo chini ya kichwa cha injini, imekufa. Nilijua haya kama Baba Yetu.

Mkuu wa karakana, mtu wa Likasi asiyecheka ovyo, alinipa wiki mbili za majaribio. Karatasi zetu za kukaa, mimi na mke wangu, zilitegemea kazi ile.

Asubuhi yangu ya kwanza mama mmoja wa Bukavu, anayehudumia wazee majumbani, alileta gari libadilishwe breki tu. Nikaona moshi mweupe, mzito. Mkuu alikuwa amefuata vipuri, nami nikafungua kichwa cha injini bila kumwuliza mtu. Gasketi ilikuwa nzima kabisa.

Mkuu aliporudi aliinama juu ya injini, kisha akasema:

“Papa, unafungua culasse ya muntu juu ya baridi?”

“Moshi ilikuwa blanche, chef.”

“Ni vapeur, mvuke tu! Huku en hiver, wakati ya baridi, kila gari inatoa vile. Ungeacha moteur ipate moto dix minutes, ungeona inapotea. Bon. Beba vitu yako.”

Nikaanza kukusanya spana zangu. Mama wa Bukavu alikuwa amekwisha fika kuchukua gari, na alisikia yote.

“Chef, umusamehe,” akasema. “Hiver yangu ya kwanza niliona moshi inatoka mu kinywa ya mutoto wangu. Nikakimbia naye ku docteur. Alors, na mimi mungenifukuza?”

Mkuu alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. “Funga hiyo culasse, papa. Na dix minutes, usizisahau.” Mama alikwenda kwa wazee wake kwa basi.

Sikuzisahau dakika kumi zile, hata nilipohamia karakana ya magari ya balozi karibu na Schuman. Moshi mweupe ukiendelea injini ikiwa moto, na ukinusa utamu wa maji ya rejeta, hapo fungua. Nyinyi vijana mnaonisikiliza mnachomeka kompyuta, si vibaya. Mimi naikumbuka harufu ile, na nasema bila aibu kwamba inaniuma kuikosa.

Mama wa Bukavu alinifuata Schuman na gari lake. Kila baridi ilipoanza alikuja kunichokoza: “Papa, unafungua culasse?”

Siku yangu ya mwisho kazini alikuja na gari la umeme, halina hata bomba. Akashuka, akanipulizia pumzi usoni, nyeupe tupu.

“Papa, hii ni fumée gani?”

“Ngoja dix minutes, mama.”

Tulisimama uani dakika kumi zote, wazee wawili tunaotoa moshi, na hakuna aliyetufukuza.