Kofia Isiyoisha

Mwenzangu wa bweni kafungua chupa ya mafuta ya nazi, na mimi niliyekuwa nawachekesha wote nikamkumbuka bibi. Uzi wa bibi ulinukia hivyohivyo, maana alikuwa ananisuka kwanza kwa mafuta hayo, ndipo tunashika sindano za kroshia tufume.

Nilikuwa naishi kwake Kibiti. Mama alikuwa Kiongoroni, kule deltani, kajifungua, na ilishapangwa kwamba nikimaliza kofia ya mtoto napandishwa boti, narudishwa kwa mama. Mimi sikutaka kurudi.

Ilibaki kupunguza tu, ili kofia ijifunge utosini. "Kamata vitanzi viwili, uvitoe pamoja viwe kimoja," bibi alinielekeza, kidole chake chenye hina kikisukuma changu. Nikaitikia vizuri sana, halafu nikafuma kimojakimoja, mzunguko juu ya mzunguko.

"Mke mwenzangu, huyo mtoto ana kichwa au ana mnara?"

"Kichwa kirefu, bibi. Kachukua kwa baba'ke."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga.

Siku moja nikajisahau, nikapunguza sawasawa. Tundu la juu likabaki la kupita kidole tu. Nikaenda madrasa nimenuna, najua yamekwisha. Niliporudi nikakuta kofia iko wazi tena, mizunguko mitatu imefumuliwa, na uzi wake umeviringwa vizuri pembeni.

"Ulikosea," bibi akasema, bila kuniangalia. "Kaa hapa, tuanze tena."