Vizibo Vinne Katika Ndoo Nusu

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka kuanzia asubuhi yake. Ilikuwa likizo ya Juni, nami nipo kidato cha tatu, nimerudi nyumbani kwetu Samuye. Pamba ilikuwa imepasuka, shamba lote jeupe hadi macho yanapoishia, na mama na dada zangu walikuwa wameshaingia katikati yake kuchuma. Mimi, ingawa nami binti, niliachiwa ng'ombe. Nilikaa kando ya zizi, daftari la kemia mapajani, nikiota huku macho yangu yakiwa wazi. Usinicheke. Umeniletea maswali yako ya ukolezi, na ya atomu zinavyoshikana, na kwa nini sabuni huondoa mafuta, nikakuambia nitakujibu nikimaliza chai. Chai imekwisha. Jibu langu ndilo hili, na lina ng'ombe ndani yake.

Niliipenda kemia kama wenzangu walivyopenda ngoma. Mwalimu alituambia kwamba sodiamu ikiwa peke yake ukiitupa majini inawaka, na kwamba klorini ikiwa peke yake ni hewa inayoua, lakini moja ikitoa elektroni na nyingine ikipokea, zinashikana zinakuwa chumvi. Chumvi hii hii ya mlenda. Nilirudi bwenini siku hiyo nikiwa kama nimelewa. Wakati wa chakula nilichukua chembe moja kwenye ncha ya kidole nikaitazama mpaka maharage yangu yakapoa.

Na aliposema kwamba kuna atomu nyingine ambazo haziibiani wala hazipeani, ila zinatumia elektroni kwa pamoja, darasa zima lilihangaika kuelewa. Mimi sikuhangaika. Nilimwona ng'ombe mwekundu wa Mama Masanja.

Mama Masanja alikuwa jirani yetu, mjane, na mali yake yote ya miguu minne ilikuwa ng'ombe huyo mmoja. Alimweka kwetu. Ndivyo tunavyofanya sisi: mwenye ng'ombe asiye na wa kumchunga humpeleka kwa mwenye zizi. Mwenye zizi anachunga, anapata samadi na maziwa ya jioni, na mwenye ng'ombe anapata maziwa ya asubuhi. Ng'ombe mmoja, kaya mbili, na kwa ajili yake hamwezi kuachana hata mkikasirikiana. Sijapata mfano mwingine unaoeleza jambo lile vizuri zaidi, ingawa mwalimu wangu aliponisikia alisema niandike kilicho kitabuni.

Yale maziwa ya asubuhi hayakuwa ya kutilia chai. Binti wa Mama Masanja alikuwa amefariki akijifungua, akaacha kichanga, na wakati huo kichanga kilikuwa na miezi minne. Kiliishi kwa maziwa ya ng'ombe yule. Kila siku bibi yake aliyachemsha maziwa, akayapunguza makali kwa maji kama alivyoelekezwa zahanati, akakinywesha kwa kijiko, taratibu, kana kwamba hakuna kazi nyingine duniani.

Sasa, josho la kijiji lilikuwa limekauka kitambo, kwa hiyo kila kaya iliogesha ng'ombe wake kwa ndoo na kitambaa. Baba alikuwa anakwenda mnadani. Akanipa chupa ya dawa ya kupe.

"Kizibo kimoja, ndoo nzima," akasema. "Usiniletee mambo ya shule."

Nikaitikia, "Ndiyo, baba," kwa sauti ya mtu ambaye hajasikia kitu.

Nilianza vizuri. Nilipotia kizibo cha kwanza, dawa ilishuka majini ikatanuka kama moshi mweupe, ikajikunja, ikasambaa, mpaka maji yote yakawa kama maziwa. Nilisahau hata kukoroga. Ningeweza kukaa pale hadi adhuhuri nikitazama ndoo. Nikawaogesha wa kwetu, ndoo baada ya ndoo, na wa mwisho kabisa akabaki yule mwekundu. Masikio yake yalikuwa yamejaa kupe hadi yameinama. Nilimhurumia, kwa kweli. Lakini maji yalikuwa yamebaki nusu ndoo, na kisima kilikuwa mbali, na jua limeshapanda.

Darasani tulifundishwa kwamba ukolezi ukiongezeka, mabadiliko huenda kasi. Hilo ni kweli hata leo. Nikatia vizibo vinne. Nilifanya hivyo kwa upendo na kwa kujifanya mjuaji, na sikumbuki kipi kilizidi. Nikamsugua masikio, shingo, tumbo, hadi chini ya mkia, kisha yaliyobaki nikammwagia mgongoni. Nikarudi kwenye daftari langu, moyo mweupe.

Niliposikia kishindo, nilidhani ni mti wa zizi umeanguka. Kumbe ni yeye amepiga magoti. Udenda ulikuwa unamtoka kama kamba, ngozi inamchezacheza mwili mzima, anavuta pumzi kwa shida. Na wakati huohuo Mama Masanja akawa anaingia uani na maganda ya viazi kwenye ungo, kama alivyozoea, kumletea ng'ombe wake.

Aliuweka ungo chini, akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akatoka mbio kwa umri wake ule. Bahati ilikuwa upande wetu, maana bwana mifugo alikuwa kaya ya tatu akichanja kuku. Alifika na mkoba wake, akachuchumaa, akafunua macho ya ng'ombe, akauliza, "Ameogeshwa leo?"

"Ndiyo," nikasema.

"Dawa kiasi gani?"

Mwanangu, nilikuwa wa kwanza darasani. Swali la ukolezi ningelijibu usingizini. Nikasema, "Kizibo kimoja, ndoo nzima."

Akatikisa kichwa. "Basi si dawa. Itakuwa ndigana hiyo, imempanda vibaya." Ndigana ni homa inayoletwa na kupe, na sindano yake ni tofauti kabisa. Nikamwona anaitafuta mkobani. Nikamwona anaipata. Nilijua kabisa kwamba inaenda kumdunga ng'ombe asiye na homa, na sumu inabaki palepale inafanya kazi yake.

Mama Masanja alikuwa amepiga magoti kwenye samadi, kichwa cha ng'ombe mapajani. Hakuniinulia hata macho.

"Mayu," akaniita, kama tunavyomwita mtoto wa kike tunapombembeleza. "Huyu hajui kusema. Wewe unajua."

Basi. Nimesemwa na wengi maishani, wengine kwa haki na wengine kwa wivu, lakini hakuna aliyenifikia pale aliponifikia yule mama kwa maneno matano.

"Vizibo vinne," nikasema.

Bwana mifugo akageuka. "Kwenye ndoo?"

Hapo nilijaribiwa tena, nakuambia ukweli. Vinne vilikuwa tayari aibu ya kutosha. Nilitamani niseme ndiyo, kwenye ndoo, na yaishie hapo. "Nusu ndoo," nikasema. "Maji yalikuwa nusu."

"Mara nane," akasema, na mimi nikasema naye, kwa pamoja, kwa sababu hesabu nilikuwa nimeshaipiga muda mrefu. Akairudisha ile sindano, akatoa nyingine ya kuvunja sumu, akaniambia nilete maji na sabuni, maji mengi, na nisiache kuosha mpaka anikataze.

Nilikimbia kisimani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mimi yuleyule niliyeona kisima ni mbali kwa ajili ya nusu ndoo. Nilimwosha huku nikilia, na hata katikati ya kilio, kichwa changu kikawa kinanong'ona kwamba sabuni ina upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaopenda mafuta, kwamba inashika ile dawa kwenye manyoya huku na kuyashika maji kule, na kuivuta itoke. Nikawa naiomba ivute. Jioni jua likiwa jekundu nyuma ya mashamba, akasimama, miguu inatetemeka. Mama Masanja akashika uso wake kwa mikono miwili.

Lakini maziwa yalikuwa yameharibika. Bwana mifugo alisema yakamuliwe na kumwagwa mpaka atakaporuhusu, na ya ng'ombe wetu pia hayakutosha, wengi walikuwa wamekaukiwa. Kichanga kingekula nini? Hilo nililibeba mimi. Kila alfajiri nilichukua kibuyu nikapita kaya kwa kaya kuomba. Na kila kaya, baada ya kusalimiana vizuri, mwadila, habari za nyumbani, waliuliza ng'ombe wa Mama Masanja amepatwa na nini. Siku ya kwanza nilisema anaumwa. Siku ya tatu nilikuwa nasema, "Nilimtilia vizibo vinne kwenye nusu ndoo." Kuna waliocheka. Kuna waliosikitika. Hakuna aliyeninyima.

Baba aliporudi alisema mengi ambayo sitayarudia mbele yako. Kubwa lilikuwa kwamba sitagusa tena chupa ile. Ilipofika zamu ya kuogesha, alishika ndoo mwenyewe. Mama Masanja akamfuata zizini.

"Wa kwangu ataogeshwa na huyu binti," akasema.

"Huyu? Aliyetaka kumuua?"

"Huyohuyo. Nyie wengine mmeambiwa tu kwamba kizibo ni kimoja. Huyu anajua kwa nini."

Nikapokea ndoo. Nikaenda kisimani nikaijaza.

Leo ninauza dawa za mifugo hapa Buseresere, na kila siku mtu ananiambia, "Mama, nipe ile kali." Namuuliza ana maji kiasi gani. Wengi hawapendi swali hilo.

Basi nasaha yangu, mwanangu, isikilize. Kitu kizuri hakizidi kuwa kizuri kwa kuzidishwa tu, iwe chumvi, iwe dawa, iwe hata upendo unaomwonyesha mtu asiyeweza kukwambia inatosha. Na ukikosea, usikiri dawa ukaficha maji. Sema kipimo chote, na ukiseme mapema, wakati sindano sahihi ingali mkobani. Aibu itakutembeza kaya kwa kaya, ndiyo, lakini utakuta watu wana maziwa.

Mungu akupe mkono mtulivu na ulimi usiojificha. Wanaoishi kwa kazi ya mikono yako wasilale njaa kwa ajili yako. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe jirani atakayekurudishia ndoo.