Upawa wa Kwanza ni wa Marehemu

Kinuyo Hatakeda hajui kudanganya. Msidhani namsifu, nalalamika. Nimefanya kazi chini yake miaka tisa, na mara nyingi nimetamani angalau ajue kunyamaza. Lakini wapi! Kikombe kikivunjika nyumbani kwa mteja, anaandika. Akichelewa dakika nne kwa sababu ya theluji, anaandika dakika nne, na theluji haitaji.

Zamani alikuwa akishona kola za mashati katika kiwanda kule chini mtoni. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na mama mgonjwa. Mama akapelekwa nyumba ya wazee mjini, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na hakumaliza miezi mitano akafa. Kinuyo hakulia mbele za watu. Alikwenda kusomea utunzaji wa wazee, darasa moja na wasichana ambao angeweza kuwazaa, akanunua kigari kilichotumika, akaanza kuwahudumia wazee majumbani mwao. Leo tuko wanawake wanne, yeye wa tano, na wazee wetu kumi na mmoja, wote wa bonde hili. Kampuni mbili za mjini zilishajaribu kuja huku. Theluji ya kwanza tu, zikatoka mbio.

Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, ikaja barua: mkaguzi atakuja kupima ubora wa huduma yetu. Tukishindwa, kibali hakitaongezwa. Na tukifungwa, wazee wetu watakwenda kule kule alikofia mama yake Kinuyo.

"Sasa dada," nikamwambia tukipanga mafaili, "hili la Bibi Toyo tuliondoe."

"Lipi?"

"Usijitie hujui. La wali."

Bibi Toyo Minagi amekula chumvi nyingi, miaka tisini na mmoja, na anaishi peke yake. Kwa kanuni zetu, muda wa mhudumu ni wa mteja tu. Humpikii mwanawe, humlishi mbwa wake, hupalilii bustani yake. Sasa Bibi Toyo hatii kitu kinywani mpaka upawa wa kwanza wa wali uwekwe mbele ya picha ya mumewe Toshimasa, aliyefariki miaka kumi na tisa iliyopita, kwenye kabati la marehemu chumba cha ndani. Nyumba nyingi hapa hufanya hivyo, hata yangu. Lakini marehemu si mteja. Wahudumu wa kampuni ya kwanza walikataa katakata, na bibi naye akagoma kula, akapungua kilo sita. Kinuyo alipomchukua, siku ya kwanza alipika, akachota, akampelekea marehemu wali wake, akagonga kikengele cha pale kabatini. Kisha akaandika daftarini: "Wali wa marehemu, dakika mbili." Akaendelea kuandika hivyo kila siku kwa miaka kumi na miwili!

"Mkaguzi akiona hivi tumekwisha," nikasema. "Daftari ni letu. Tuandike jingine."

"Sugie, wewe umechoka kazi?"

"Nimechoka kuishi na malaika."

Akacheka, na daftari akaliacha vile vile.

Mkaguzi, Bwana Nagoshi, alikuwa mtu mwembamba mwenye soksi mpya na chupa yake mwenyewe ya chai, asije akaambiwa amekunywa ya kwetu. Alisoma mafaili asubuhi nzima bila kuguna. Mchana akainua daftari la Bibi Toyo.

"Wali wa marehemu ni nini?"

Kinuyo akamweleza yote.

"Hii iko nje ya kanuni, Bi. Hatakeda."

"Naam."

"Na ni kila siku?"

"Kila siku, isipokuwa siku tatu alizolazwa hospitali."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bwana Nagoshi akafunga daftari, akasema kesho asubuhi angependa kujionea mwenyewe.

Kesho yake tukaenda watatu. Ungemwona Kinuyo kazini ungempenda. Bibi Toyo hana haja ya kusema neno. Kabla hajageuza shingo kutafuta kikombe, kikombe kiko mkononi. Miwani anavalishwa, kandambili anavalishwa, anakaa kitini kama bibi harusi. Wali ukaiva, Kinuyo akachota upawa wa kwanza kwenye kibakuli, akaenda hatua saba mpaka chumba cha ndani, akaweka, akagonga kengele. Bibi Toyo akaunganisha viganja akiwa kule kule kitini.

Bwana Nagoshi akapiga magoti mbele yake. "Bibi, huduma unaionaje?"

"Nzuri. Nzuri mno. Wewe umeoa?"

"Bibi, mimi ndiye ninayeuliza."

"Basi hujaoa."

Nikacheka ndani ya mkono wa sweta.

"Kuna jambo ungependa libadilishwe?"

"Mtu anayekutendea wema humlalamikii, baba."

"Leo mlalamikie kidogo tu."

Bibi Toyo akamtazama Kinuyo, akatazama mlango wa chumba cha ndani. "Ningependa kumpelekea mimi. Mume wangu. Miaka kumi na miwili anapakuliwa na mwanamke mwingine. Si wivu." Akarekebisha miwani. "Haya, ni wivu kidogo."

Kinuyo akawa mweupe kama karatasi. "Bibi, mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na haraka, mwanangu. Na mikono yangu inatetemeka. Nikaona nitakuchelewesha."

Bwana Nagoshi akaandika, kisha akatusomea. Kosa la kwanza, kumpelekea marehemu wali si kazi ya mhudumu. Kosa la pili, na hili ndilo kubwa: mteja anafanyiwa mambo anayoweza kuyafanya mwenyewe. Kusimama karibu naye akifanya, hiyo ni kazi yetu, na kanuni zinairuhusu. Angerudi baada ya miezi mitatu, na kama hakuna mabadiliko, kibali basi.

Hasira zikanipanda. "Bwana we! Tumemtunza kama yai!"

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyoandika."

Mlangoni alikuta kaki mbili, matunda matamu yaliyokaushwa, ndani ya kiatu chake. Bibi Toyo hututilia sote kwa siri, maana zawadi haturuhusiwi kupokea. Akazitoa, akaziweka juu ya ngazi, akainama kwa heshima. Nilimchukia mtu yule, na alikuwa na haki.

Garini, tukiwa wawili tu, Kinuyo hakuwasha injini.

"Mama aliniambia kule mjini wanamlisha kwa kijiko," akasema, "na mikono yake mizima. Nilianza kazi hii kwa sababu ya kijiko kile, Sugie." Ndipo akalia. Miaka tisa, sikuwahi kumwona akilia.

Tukaanza upya. Siku ya kwanza wali ulimwagika wote mkekani, na bibi akatufukuza tulipoinama kuuokota. Wiki ya tatu alifika mlango wa chumba akachoka. Kinuyo ndiye aliyepata shida kuliko bibi. Ilibidi afungamanishe mikono nyuma ya mgongo, maana ilikuwa ikitoka yenyewe.

Miezi mitatu ilipotimia, theluji ikiwa magotini, Bwana Nagoshi akarudi. Bibi Toyo alichota mwenyewe, akashika kibakuli kwa mkono mmoja na ukuta kwa mwingine. Hatua ya nne akayumba. Kinuyo akaruka mbele, akajizuia, akasimama karibu hata pumzi ya bibi aliisikia. Bibi akavuta pumzi, akaendelea. Akaweka wali, akagonga kengele.

"Toshimasa," akasema, "ni mimi. Nimechelewa."

Bwana Nagoshi aliunganisha viganja pamoja nasi kabla ya kutoa kalamu na kutia sahihi kibali. Kinuyo hata hakuitazama karatasi ile. Alikuwa ameinamia daftari, anaandika huku akijifuta macho: "Wali wa marehemu. Amepeleka mwenyewe. Dakika kumi na moja."