Siku Deka Alipozima Chetezo

Deka hajui kunong'ona. Watu wa mtaa wa Wabera huijua sauti yake kabla ya kuijua sura yake, maana akiwa ndani ya kibanda chake cha madera sokoni, hata anayepita barabarani kwa bodaboda anazisikia bei. Babu yake alikuwa Msomali, askari wa Mwingereza, akafika Isiolo na bunduki na kofia, na inasemekana alikuwa akitoa amri upande huu wa mji, walio upande wa pili nao wanasimama wima. Sauti hiyo iliwaruka wajukuu wote wa kiume ikamwangukia Deka. Yeye haioni kuwa mzigo. Amelea nayo watoto watano, amefukuza nayo fisi uani, na siku moja alimnyamazisha nayo karani wa serikali mbele ya foleni nzima, karani akaomba radhi.

Kwa hiyo alipojikuta ananong'ona, hata mwenyewe alishangaa.

Ilikuwa katika duka la dawa la Gikunda. Alingoja wateja waondoke, akainamia kaunta, akasema kwa kisauti ambacho hakujua kama anacho: "Kuna kitu inaniwasha. Huko chini."

Gikunda ni Mmeru mwenye haraka zake. Hakuuliza tangu lini, wala mama una miaka mingapi. Alimfungia dawa ya fangasi ndani ya gazeti, akamwita mteja mwingine. Deka akaimaliza dawa, kuwasha kukabaki. Akarudi, akanong'ona tena, akapewa ile ile. Safari ya tatu hata kunong'ona hakukuhitajika, Gikunda alimwona mlangoni akaanza kukunja gazeti.

Hedhi yake ilikuwa imekoma mwaka juzi, na Deka alikuwa ameishangilia kama mtu aliyefunguliwa kamba. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna jambo jingine linakuja nyuma yake. Kwanza alikauka. Kisha pakaanza kuwasha, kisha mkojo ukaanza kuchoma, na kigoda alichokikalia sokoni miaka yote kikawa adui. Kitandani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mumewe akimkaribia, Deka aliuma meno na kuhesabu mbao za dari hadi yaishe.

Hapa lazima habari ya moshi ielezwe. Deka ndiye mpishi wa unsi, uvumba wa sukari, anayetegemewa na maharusi wa mji huu. Huchemsha sukari, akatia udi na manukato kwa vipimo asivyomwambia mtu, akaimimina ikagande, kisha huiuza vipande vipande pamoja na madera yake. Na nyumbani kwake, tangu alipoolewa na Sakariye, unsi ilikuwa na kazi nyingine. Jioni alizomtaka mumewe, baada ya swala, Deka alikuwa akiweka kaa la moto ndani ya chetezo, akatupia unsi, akasimama juu yake miguu huku na huku, dera limefunika mpaka chini, moshi ukampanda. Harufu ilitoka chumbani ikamfikia Sakariye sebuleni, mbele ya taarifa ya habari. Sakariye ana lori la kusafirisha mbuzi na ng'ombe hadi Nairobi, hodari wa kubishana na madalali, lakini ndani ya nyumba ni mtu wa haya. Harufu ikimfikia, alikohoa mara moja, akazima runinga, akaja. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka thelathini. Moshi ulisema, na hakuna aliyewahi kufungua mdomo.

Basi mwili ulipoanza kumgeuka, Deka alifikiri alivyofundishwa kufikiri. Alidhani amezeeka, ameharibika harufu, anahitaji kusafishwa. Akaongeza sabuni ya kunukia. Akatia dawa ya kuua vijidudu ndani ya maji ya kunawia. Na juu ya hayo yote akaongeza moshi, akawa anausimamia karibu kila jioni kwa muda mrefu kuliko bibi harusi, huku machozi yakimtoka. Kadiri alivyoungua ndivyo alivyozidisha, na kadiri alivyozidisha ndivyo Sakariye, maskini, alivyozidi kukohoa na kuja.

Mpaka jioni moja alimsukuma. Alimsukuma kwa mikono miwili, akalia kwa uchungu. Sakariye aliketi ukingoni mwa kitanda kwa muda, akachukua mto wake, akaenda kulala sebuleni. Hakuuliza kitu. Deka naye, mwenye sauti ya kusimamisha watu, hakupata neno hata moja la kumpa.

Kulipokucha alifunga kibanda akaenda zahanati. Alimkuta nesi wa Kiborana aitwaye Sadiya, mwanamke mpole wa kope nzito, ambaye alifunga mlango kabla ya kuuliza chochote. Alimpima taratibu, kisha akauliza, "Mama, unaosha na nini?"

Deka akataja sabuni. Akataja dawa ya vijidudu. Alipofika kwenye moshi, Sadiya aliweka kalamu chini.

"Mama, hapa hakuna fangasi," alisema. "Hedhi ikikoma, homoni inapungua, na uke unakauka. Ngozi ya ndani inakuwa nyembamba, kitu kidogo tu inapasuka. Hata mkojo kuchoma ni hiyo hiyo. Sasa wewe unaweka sabuni na moshi juu ya kidonda. Osha na maji peke yake. Nitakuandikia krimu ya homoni ya kuweka ndani, na jeli ya kulainisha wakati wa kitanda. Itachukua wiki kadhaa. Na ile kovu ya kukatwa ukiwa mtoto, ile tohara, hiyo pia inaongeza uchungu. Lakini haukujikata wewe."

Deka alidhani atalia, kumbe kilichompanda kilikuwa hasira.

"Sista, mimi nimezika mama yangu na nyanya yangu kwa mkono yangu," alisema. "Wote walikauka hivi kabla yangu. Hakuna hata mmoja alinifungulia mdomo! Waliniachia nini? Chetezo!"

"Wengi wananyamaza, mama."

"Basi mimi nimemaliza zamu yangu ya kunyamaza."

Alitoka hapo moja kwa moja hadi kwa Gikunda. Duka lilikuwa limejaa. Hakungoja mtu aondoke. Aliweka karatasi ya Sadiya juu ya kaunta, na sauti ya babu ikamrudia.

"Gikunda! Umeniuzia dawa ya fangasi mara tatu na mimi sina fangasi. Ungeniuliza umri ungejua. Sasa nipe hii krimu ya uke, na jeli ya kulainisha, ile ya maji, haina harufu. Na usinifungie na gazeti. Uke imekauka, sijaiba!"

Mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya kikohozi alisahau kukohoa. Gikunda alitafuta krimu huku masikio yamemwiva. Kisha, sifa zake apewe, alimweleza vizuri namna ya kuitumia, tena bila haraka. Deka akaondoka na dawa zake mkononi, hadharani, na mama wawili wakamfuata nje kumuuliza ni krimu gani hiyo.

Siku hiyo alimwaga majivu ya chetezo na kukiweka juu ya kabati. Wiki zikapita. Kigoda kikawa kigoda tena. Aliweza kukojoa bila kujikunja, akasahau kuwashwa, akacheka kwa sababu zisizo na maana. Lakini Sakariye aliendelea kulala sebuleni. Deka alikuwa amelitangaza jambo lake mbele ya nusu ya Wabera, na kwa mtu mmoja aliyepaswa kulisikia ulimi ulikuwa mzito. Kila jioni alijiambia kesho. Nyumba haikunuka kitu, na Sakariye akaisoma hewa hiyo tupu namna alivyozoea kuusoma moshi: hajaitwa.

Hamdia naye akaisoma. Hamdia ni dada mkubwa wa Sakariye, mwanamke anayeingia nyumba za watu kwa pua. Alikuja Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Sakariye akiwepo, akanywa chai, akavuta hewa mara mbili.

"Nyumba hii siku hizi hainuki unsi," alisema. Kisha akamgeukia Deka kwa upole wa kumwonea huruma. "Abaayo, dada yangu, sisi wote tunafika hapo. Mwanamke akikauka amekauka, si aibu. Lakini mwanamume bado anaishi. Kuna binti wa watu nimemwona, ana heshima zake. Wewe ubaki na wajukuu, uswali, upumzike. Utakuwa mke mkubwa wa nyumba."

Deka alimtazama mumewe. Alijua neno moja tu la huyo mwanamume lingetosha kumweka kando maisha yake yote yaliyobaki.

"Baba Abdighani, wewe ndio umemtuma?"

Sakariye alizungusha kikombe chake. "Sikumtuma," alisema. "Lakini sikumkataza. Moshi imeisha kwa nyumba, Deka. Ulinisukuma. Nilijua umenifungia mlango."

Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli na ilikuwa upuuzi kwa wakati mmoja.

"Nilikusukuma kwa sababu niliumia," alisema. "Niliumia miezi mingi na wewe hukujua, kwa sababu moshi ilikuwa inakuambia njoo, na mimi nilikuwa nasema wallahi usije, lakini ndani ya roho. Uke wangu ulikauka. Ni hedhi kukoma, si wewe, si uzee wa kuzikwa. Na ile moshi ndiyo ilinichoma zaidi. Nimepata dawa. Nimepona."

"Astaghfirullah!" Hamdia aliruka. "Mambo ya kitanda inasemwa mbele ya watu?"

"Ni wewe umeleta kitanda changu hapa mezani, Hamdia, karibu na chai," Deka alisema. "Mimi sijaisha. Huyo binti wa watu mwambie atafute nyumba nyingine. Hapa kuna mtu."

Hamdia alikusanya mtandio wake akatoka, viatu vikipiga kelele. Usiku huo Sakariye alilala sebuleni tena. Alfajiri ya siku iliyofuata alipakia mbuzi, akaondoka na lori, na Deka akabaki bila kujua kama ameiokoa ndoa yake au ameimaliza.

Sokoni alifanya kazi kama kawaida. Aliyenunua unsi aliambiwa wazi: ni ya nguo na ya nyumba, ukiiweka kwingine shauri yako, mimi imenichoma. Wengine walicheka, wengine walinunua kidogo zaidi na kuuliza maswali marefu. Lakini kila lori lililopiga honi lilimshtua.

Sakariye alirudi jioni ya siku ya tatu, amejaa vumbi. Alioga, akaswali, akala, akaketi mbele ya runinga. Nyumba haikunuka kitu ila sabuni yake. Deka alikaa jikoni akiwa na hofu kuliko siku ya harusi yao. Kisha alijifuta mikono, akaenda sebuleni, akazima runinga yeye mwenyewe, akasimama mbele ya mumewe.

"Baba Abdighani, leo moshi hakuna, na hautarudi," alisema. "Niko mimi. Nikitaka, nitakuambia kwa mdomo. Nisipotaka, nitakuambia. Na ikiuma nitasema acha, na utaacha. Leo nataka."

Sakariye akakohoa, kwa mazoea. Halafu akainua uso akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeisikia ile sauti kwa mara ya kwanza tangu amwoe.

"Sema tena," akamwambia.

Deka akasema tena, safari hii kwa sauti ya sokoni. Kama majirani walisikia, shauri yao.